Nimwagilie zaidi? Jibu kwa msomaji wa Buswelu ambaye miparachichi yake inakauka

Swali: Shikamoo bibi shamba. Naishi Buswelu, Ilemela, kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba. Aprili mwaka jana nilipanda miparachichi minne na miembe mitatu, yote ya kubebesha. Fundi aliyechimba mashimo alisema juu ni mchanga lakini chini pagumu kama saruji, ikabidi atumie sululu. Mashimo tulijaza samadi. Miparachichi miwili imekufa. Wa tatu majani yamekuwa madogo, ya njano, na yananing'inia ingawa namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, nikiongezea na maji ya kufulia. Wa nne uko juu kidogo karibu na jiwe, mpira haufiki, huo hauna shida. Jirani mmoja anasema niweke urea, mwingine chumvi, mwingine nifukie mapanki. Miembe iko hai lakini imedumaa, ingawa mmoja ulitoa maua mwezi wa saba. Halafu kuna mwembe mkubwa wa baba getini. Tawi lake lilikatwa miaka mitatu iliyopita, sasa pale pana pango. Ndugu wanataka tuukate kabla haujaangukia nyumba. Roho inaniuma. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Anza kwa kuiweka ndoo chini. Leo usimwagilie, kesho usimwagilie, mpaka umalize kusoma na kufukua pale nitakapokuonyesha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu la miparachichi liko kwenye sentensi uliyoiandika kama kwa kupita tu: ule wa nne, karibu na jiwe, ambao mpira haufiki, ndio hauna shida. Miche minne imepandwa siku moja kwa mikono ileile. Mitatu ilipata maji yako asubuhi na jioni. Miwili imekufa na mmoja unaelekea huko. Uliokosa maji umepona. Sikulaumu. Mtu yeyote akiona jani limelegea hukimbilia ndoo, na kwa miti mingi hapati hasara kubwa. Mparachichi hauvumilii jambo hilo.

Mzizi unanyonya maji, lakini pia unapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vinafasi vyenye hewa. Maji yakijaa humo siku nyingi, hewa inatoka, mzizi unakosa pumzi na kuanza kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi kitu. Ndipo unapoona jani linanyauka kama la mti wenye kiu, wakati chini udongo umelowa chapachapa. Ukimwagilia tena unaongeza ugonjwa. Asili ya mparachichi ni Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye udongo mwepesi uliofunikwa na majani yaliyooza. Mizizi yake ya kunyonyea iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza, tena haina vile vinyweleo vya kusakia maji ambavyo mimea mingi inavyo. Unapenda udongo unaokunywa maji na kukauka kidogo, kisha unywe tena.

Juu ya hilo kuna kimelea cha udongoni, Phytophthora cinnamomi, ambacho ndicho adui mkubwa wa mparachichi karibu kila nchi inayoulima. Kimelea hiki hutoa mbegu ndogo mno, zenye mikia, zinazoogelea ndani ya maji ya udongo mpaka zikutane na ncha ya mzizi. Udongo ukikaa umelowa, zinakuwa na barabara ya kupita usiku na mchana. Dalili zake ndizo ulizoniandikia: majani madogo, ya njano, yanayoning'inia, kisha matawi yanakauka kuanzia kileleni kushuka chini. Sijauona mti wako, kwa hiyo sitaapa kuwa ndicho. Kuna namna ya kujua, na unaweza kuifanya leo jioni kwa mikono yako.

Pima shubiri mbili kutoka kwenye shina, fukua taratibu kwa vidole au kijiti, usitumie jembe. Utakuta mizizi midogo kama nyuzi. Ikiwa ni myeupe au rangi ya maziwa na inapinda bila kukatika, shukuru Mungu, mti una nafasi nzuri. Ikiwa ni myeusi na inakatika kama uzi ulioungua, ugonjwa umo. Ikiwa huoni mizizi midogo kabisa, imekwisha kuliwa. Nusa pia huo udongo. Udongo wenye hewa unanukia kama ardhi ya mvua ya kwanza. Uliokosa hewa unanuka tope la mtaro. Halafu angalia shina pale linapoingia ardhini. Ukikwangua ganda kidogo kwa kucha ukaona kijani, hapo pako hai. Ukiona kahawia inayozunguka shina lote, usiteseke nao, ung'oe.

Kwa nini shimo lako linakaa na maji? Fundi wa sululu alikwisha kusema, ila hakuna aliyemsikiliza. Sisi Wasukuma tuna majina ya udongo ambayo yamenisaidia kazini miaka yote. Kuna luseni, mchanga mwepesi wa miinukoni, uliotokana na haya mawe ya matale yaliyotapakaa Mwanza nzima. Maji hupita humo upesi. Chini ya mteremko, kabla hujafika kwenye udongo mweusi wa mbuga, kuna itogolo: juu mchanga unaoonekana mzuri tu, chini tabaka gumu ambalo maji hayapenyi. Anayepanda mahindi anaweza asilione kwa miaka. Anayechimba shimo la mti hulipiga kwa sululu, akalivunja kidogo, akaweka samadi laini, na hapo anakuwa ametengeneza beseni. Mvua ikinyesha, maji yanayotiririka juu ya lile tabaka, chini kwa chini, yanaingia kwenye beseni na kutulia humo. Wewe ukaongeza ndoo mbili kila siku. Mti wa karibu na jiwe umekaa kwenye luseni, ndiyo maana unapumua.

Kabla hujapanda mti mwingine wowote hapo, fanya jaribio hili. Chimba shimo la kina cha sentimita 50, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Yakiisha ndani ya saa chache, panda. Yakiwa bado yametuama kesho yake saa kama hiyo, hapo mparachichi usipande bapa, hata ukiambiwa mche umetoka wapi.

Kuhusu ule wa tatu. Kama mizizi ina uhai, chimba mfereji mwembamba upande wa chini wa mteremko, uanzie sakafuni mwa shimo na kutokea nje, upana wa jembe unatosha, kisha uujaze kokoto. Hilo ndilo tundu la kutolea maji ya beseni. Angalia pia kama pale palipobebeshwa, yaani pale kikonyo kilipounganishwa na mche wa chini, pamefunikwa na udongo. Kama pamezama, ondoa udongo mpaka paonekane, maana samadi ikioza mti huzama, na wengi hawatambui. Tandaza majani makavu au nyasi unene wa kiganja, ukiacha shubiri moja wazi kuzunguka shina. Ninasisitiza hiyo shubiri kwa sababu ya mchwa. Matandazo yakigusa shina, mchwa wanapanda humo kama kwenye ngazi, na mti mgonjwa ndio wanaoutafuta. Usiupe mbolea yoyote. Majani yakipukutika na matawi yakabaki wazi juani, yapake chokaa iliyochanganywa na maji ili ganda lisiungue. Mwagilia pale tu ukichimba kwa kidole chote na kukuta pakavu. Upe miezi mitatu. Ukitoa chipukizi jipya lenye majani ya ukubwa wa kawaida, umepona.

Maji ya kufulia yaache moja kwa moja. Sabuni ya unga ina chumvi, na mparachichi ni kati ya miti ya matunda inayodhurika upesi zaidi na chumvi. Kama majani yalianza kuungua kwenye ncha na pembeni, rangi ya kahawia kama yamepitishwa motoni, hiyo ilikuwa chumvi ikisema. Maji hayo mpe mgomba wa mbali kidogo, tena yale ya kusuuzia.

Sasa majirani. Aliyesema chumvi huenda ana ndugu wa Pwani, ambako watu huiweka kwenye minazi, na mnazi unaistahimili. Kwa mparachichi ni sumu. Urea si mbaya kwenye mti mzima wenye mizizi, ila kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza hakumsaidii, na mbolea ya chumvichumvi kwenye mizizi iliyochubuka inaiunguza. Mapanki, hapo jirani ana nusu ya ukweli. Mabaki ya samaki ni mbolea nzuri sana, na sisi wa kandokando ya ziwa tuna bahati ya kuyapata kwa bei ndogo. Lakini yakifukiwa mabichi shimoni, yanapooza yanakula hewa ileile ambayo mizizi inaihitaji, na mbwa wa mtaa mzima watakufukulia mti usiku. Yaoze kwanza kwenye lundo la mboji. Weka tabaka la makapi ya mpunga kutoka mashineni, tabaka la majani, tabaka jembamba la mapanki, funika kwa udongo mzito, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi minne hivi, ikishakuwa nyeusi na isiyo na shombo, ndiyo uitumie. Gugumaji pia linafaa kwenye lundo hilo, ilimradi usilichukue karibu na mitaro inayomwaga maji ya viwandani, kwa kuwa linafyonza madini mazito na kukaa nayo.

Pale palipokufa miwili usirudishie parachichi. Weka mpera, unavumilia udongo wenye maji kuliko miti mingi ya matunda. Kama moyo wako uko kwenye parachichi tu, hama hatua kadhaa kuelekea juu kwenye jiwe, na upande kwenye tuta. Hatuoteshi viazi vitamu bapa huku Usukumani; tunainua tuta kwa sababu kiazi kikikaa kwenye maji kinaoza. Mfanyie mparachichi hivyohivyo. Lundika udongo wa juu uliochanganywa na mboji, kimo cha nusu mita, upana wa mita moja na nusu au mbili, panda kileleni, na usichimbe lile tabaka gumu hata kidogo. Mizizi itatambaa yenyewe.

Na panda mwezi wa kumi na moja. Hili nalisema kila mwaka. Aprili mosi ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na ni siku nzuri, watoto wanatoka shule wakiwa na miche mikononi. Lakini tazama mvua zetu za Mwanza. Zinaanza Oktoba au Novemba, zinapungua kidogo Januari na Februari, zinarudi Machi mpaka Mei, kisha Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mche wa Novemba unapata miezi sita au zaidi ya kushusha mizizi kabla ya jua la Juni. Mche wa Aprili unapata miwili. Wako ulikuwa wa Aprili, ukaingia kiangazi ukiwa mtoto mchanga, nawe ukaogopa, ukamwaga maji. Naelewa kabisa ulikotoka. Kwa mti wa mwaka mmoja kwenye mchanga, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi inatosha, imwagwe polepole ili izame. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku kunaifundisha mizizi kubaki juu.

Nije kwenye miembe. Mwembe ni mgumu kuliko mparachichi, kwa hiyo kudumaa kwake kuna sababu nyingine, nami nashuku mbili. Ya kwanza ni kiriba, ule mfuko wa nailoni ambao mche hukuzwa humo kitaluni. Uliza aliyepanda: alikichana na kukitoa? Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ya msingi kutazama miche zaidi ya arobaini iliyokataa kukua. Nilipong'oa mmoja, kiriba cheusi kilikuwa bado kiko chini, kizima, na mizizi imejizungusha ndani yake kama kamba ya ndoo. Tuling'oa wa pili, wa tatu, yote vilevile. Watoto walikuwa wameimwagilia mwaka mzima kwa zamu. Mwalimu wao alikaa chini kwenye nyasi, akanyamaza. Siku hiyo bado inaniuma. Hata kiriba kikitolewa, mche uliokaa sana kitaluni mizizi yake huwa imekwisha kujisokota, na isipokatwa kwa wembe safi mahali pawili au patatu kabla ya kupandwa, itaendelea kuzunguka ardhini mpaka ijinyonge. Fukua mwembe mmoja upande mmoja uone. Kiriba kikiwepo, subiri Novemba mvua ikolee, ung'oe kwa uangalifu, uchane, ukate mizizi iliyojizungusha, urudishie.

Sababu ya pili ni yale maua. Mwembe wa kubebesha unaweza kutoa maua ukiwa na kimo cha mtoto, kwa vile kikonyo chake, kile kijiti kilichobebeshwa, kimetoka kwenye mti mzima. Unafurahisha macho, lakini unatumia nguvu zote kwenye maua kabla haujajenga mwili. Miaka miwili ya kwanza, hata mitatu, yakitokea maua kati ya Juni na Agosti yakate. Kata pia kila chipukizi linalotoka chini ya pale palipobebeshwa. Hilo ni la mti wa kienyeji, na ukiliacha litaumeza mwembe uliolipia hela.

Umesema majani ya mparachichi ni ya njano. Kwenye miembe, kama majani machanga ni ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, angalia kama ulipanda pale mafundi walipokuwa wanachanganya zege. Mabaki ya saruji hufanya madini ya chuma yasinyonyeke. Dawa ni kuondoa udongo huo na kuweka mboji.

Sasa mwembe wa baba.

Naandika hapa polepole, kwa sababu mti huo ukishalala hakuna wa kuuinua. Pango kwenye shina halimaanishi mti unakufa. Sehemu hai ya shina ni tabaka la nje, chini ya ganda; huko ndiko maji yanapopanda na chakula kinaposhuka. Kiini cha katikati ni mbao iliyokwisha kufa siku nyingi, kazi yake ni kushikilia. Mti wenye uwazi ndani unaweza kusimama miongo mingi, mradi ukuta wake wa nje ni mnene na mzima. Kwa hiyo swali la kuwauliza ndugu ni hili: ukuta uliobaki una unene gani, na mizizi ikoje?

Zunguka mti asubuhi kukiwa na mwanga. Gonga shina kwa mpini wa jembe kuanzia chini hadi unapofika mkono, sikiliza panapolia kama ngoma na panapolia kama gogo. Chomeka kijiti kirefu kwenye pango upime linavyoingia. Tazama miguuni: uyoga ulioota kwenye shina au juu ya mizizi mikubwa ni dalili ya kuoza ndani, na huo unanitisha kuliko pango. Tazama kama ardhi upande mmoja imepasuka au imeinuka, kama mti umeanza kuinama kwa namna ambayo haukuwa nayo zamani, na kama pale shina linapogawanyika pana ufa. Ukiona lolote kati ya hayo manne, uwahi kumwita afisa misitu wa manispaa kabla mvua za Novemba hazijaanza na dhoruba za ziwani hazijaja. Usipoona, na pango likawa halijafika nusu ya shina, mti huo nisingeukata. Ningeupunguzia mzigo.

Kupunguza mzigo kuna utaratibu wake, na hapa ndipo mafundi wetu wa panga wanapoua miti. Naamini pango lako lilizaliwa hivyo. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe kama kola ya shati. Ndani ya uvimbe huo ndimo mti unamotoa ganda jipya la kufunika kidonda. Ukikata ndani yake, umeondoa dawa. Ukiacha kisiki kirefu, ganda haliwezi kukifikia, kinaoza, na uozo unaingia shinani. Kata nje kidogo tu ya uvimbe. Tawi zito usilikate mara moja kutoka juu, maana litavunjika kabla hujamaliza na kuchuna ganda la shina mpaka chini. Kwanza kata kwa chini, nusu mita kutoka shinani, theluthi ya unene. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke. Sasa kisiki kilichobaki ni chepesi, kiondoe kwenye kola kwa msumeno mkali. Fanya hivyo mara baada ya kuvuna, na usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa msimu. Anza na yale yanayoelekea paa. Asije mtu akaukata kichwa chote. Mti utachipua fimbo nyingi nyembamba ambazo zimeshikiliwa na ganda tu, na hizo ndizo zitakazoanguka.

Pango lenyewe usilizibe kwa saruji. Watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Saruji hainepi mti unapoyumba na upepo, inaachia ufa, maji yanaingia na hayatoki. Ondoa tu takataka na mbao laini inayotoka yenyewe kwa mkono, usikwangue mpaka penye uzima, uache wazi. Na kama tawi lolote liko karibu na waya wa umeme, asipande mtu; waite TANESCO kwanza.

Vipimo vya udongo unaweza kuvipata TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo huko Misungwi. Beba udongo wa juu na wa lile tabaka gumu kwenye mifuko miwili tofauti, na mizizi michache ya mti mgonjwa ndani ya gazeti lenye unyevu. Ila usisubiri majibu ndipo usitishe maji. Fukua leo. Uniandikie mizizi uliyoikuta ilikuwa na rangi gani, maji ya shimo la jaribio yaliisha baada ya saa ngapi, na shina la mwembe wa baba lililia vipi ulipoligonga kuzunguka lile pango.